Jaketi la manyoya ya bata: kutoka Everest hadi kwa motari wa Bunia

BUNIA, ITURI. – Alfajiri, kabla jua halijatoka, wamotari kwenye Boulevard de la Libération wanasubiri abiria wa kwanza wakiwa wamevaa majaketi mazito yaliyovimba kama godoro. Wengine huyavaa kinyume, mgongo ukiwa mbele, ili upepo usipite kwenye zipu na kuwapiga kifua. Mgeni akiona hivyo hucheka: mji huu uko karibu na ikweta, na nguo ile ilishonwa kwa watu wa theluji. Asilojua ni kwamba mtu wa kwanza kupanda Everest na koti la namna hiyo naye alichekwa na wenzake.

Theluji yenyewe haiko mbali na Ituri. Kusini mwa jimbo, katika Kivu ya Kaskazini, mlima Rwenzori unagawanywa na mpaka wa Kongo na Uganda, na kilele chake cha juu kinafika mita 5,109. Tarehe 18 Juni 1906, Mtemi wa Abruzzi kutoka Italia na viongozi wake wa mlima walikuwa wa kwanza kukikanyaga. Alikiita Margherita, jina la mama wa mfalme wa Italia. Kilele cha jirani alikiita Alexandra, jina la malkia wa Uingereza. Wapagazi wa Kikonjo, waliobeba mizigo hadi kambi ya Bujongolo kwenye baridi ya mita karibu 3,800, hawakupewa kilele. Tangu hapo hadithi ya baridi ya milima imeandikwa kwa majina ya wageni, kana kwamba wenyeji hawasikii baridi.

Miaka hiyo wapanda milima walivaa sufu, nguo juu ya nguo. Mwaka 1922, mtaalamu wa kemia mzaliwa wa Australia, George Finch, alikwenda Everest na koti alilolibuni mwenyewe. Kitambaa chake kilikuwa cha puto la kurukia angani, na ndani alijaza manyoya laini ya bata wa bahari ya kaskazini. Wenzake walimwona kichekesho. Tarehe 27 Mei mwaka huo, yeye na Geoffrey Bruce walifika zaidi ya mita 8,300, juu kuliko binadamu yeyote kabla yao, na kicheko kikageuka kuwa wivu.

Siri yake si ngumu. Manyoya yanayotumika ni yale mafupi ya kifuani mwa bata, yasiyo na kijiti katikati. Yanatawanyika na kushika hewa, na hewa iliyotulia haipitishi joto la mwili kwenda nje. Ndiyo sababu jaketi hushonwa kwa mistari au vyumba vidogo: bila hivyo manyoya yote yangeshuka kwenye pindo na mabega yangebaki wazi. Lakini yakilowa hugandamana, hewa hutoka, na joto hupotea.

Katika Marekani, Eddie Bauer, mwenye duka la vifaa vya michezo mjini Seattle, aliponea chupuchupu katikati ya miaka ya 1930 alipokuwa akivua samaki wakati wa baridi na koti lake la sufu likalowa. Akatengeneza jaketi la manyoya, na mwaka 1940 akapewa hati ya kulinda ubunifu wake. Katika vita kuu ya pili aliwashonea marubani wa jeshi la Marekani. Mwaka 1954, Waitaliano wa kwanza kufika kilele cha K2 walikuwa na majaketi ya kampuni ya Kifaransa Moncler. Miaka ya 1980 vijana wa Milano waliyavaa kwa kutembelea mjini tu. Nguo ya mlima ikawa nguo ya kila siku.

Nguo ya kila siku inachosha mwenyewe. Mtu wa Ulaya akinunua jipya, la zamani hutolewa, hukusanywa, hufungwa kwenye furushi na kupakiwa melini. Mengi yanayofika Ituri hushukia Mombasa, hupita Kampala, kisha huvuka mpaka wa Mahagi au Aru. Waganda huita nguo hizo mivumba. Bunia wengi husema friperi. Mama muuzaji hufungua furushi bila kujua kilichomo: likitoka jaketi zima lenye zipu nzuri, faida imepatikana, likitoka lililochanika na kumwaga manyoya, hasara ni yake.

Je, baridi iko wapi? Bunia iko kwenye mita takriban 1,275. Ukipanda kwenye nyanda za juu za Djugu na Mahagi, kila mita 1,000 hupunguza joto kwa nyuzi kama 6. Juu ya hapo pikipiki hujitengenezea upepo: hewa ya joto iliyouzunguka mwili hupeperushwa kila sekunde. Motari anayetoka saa kumi na moja alfajiri kupitia Iga-Barrière hana theluji, lakini kifua chake kinapambana na kile kile alichopambana nacho Finch.

Na kuna wenye shida zaidi yake. Tangu vurugu zilipoanza tena Djugu mwishoni mwa 2017, maelfu kwa maelfu ya wahami wamelala chini ya maturubai, Bunia na kwenye vilima vya Djugu. Kwa familia iliyokimbia bila blanketi, jaketi kuukuu ni nguo mchana na shuka usiku. Mtoto hufunikwa nalo lote.

Ndiyo maana maamuzi ya mbali yanaigusa Bunia. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kupunguza nguo za mitumba ili kuinua viwanda vya ndani. Rwanda ilipandisha ushuru, na mwaka 2018 Marekani ikaiondolea nafuu ya kuuza nguo kwake. Kongo iliingia katika Jumuiya hiyo mwaka 2022. Agosti 2023 Rais Museveni alitangaza kwamba Uganda itazuia mivumba. Hoja ya viwanda ina uzito, kwani hakuna taifa linalojengwa kwa nguo zilizotupwa na wengine. Lakini Ituri haina kiwanda kinachoshona jaketi la baridi. Njia ya Kampala ikifungwa kabla kiwanda hakijafunguliwa, wa kwanza kulipa atakuwa motari wa alfajiri, na nyuma yake mama aliye chini ya turubai.