Titanic: kumbukumbu isiyozama



Usiku wa Jumapili tarehe 14 Aprili 1912, saa tano na dakika arobaini, meli Titanic iligonga mlima wa barafu katika Bahari ya Atlantiki. Ilipofika saa nane na dakika ishirini, ilikuwa imezama. Kati ya watu wapatao 2,200 waliokuwamo, 1,500 hivi walikufa.

Zaidi ya karne moja imepita, na dunia haijachoka kuizungumzia. Mwaka 1985 mabaki yake yaligunduliwa kwenye kina cha mita 3,800 hivi. Mwaka 1997 filamu ya James Cameron iliwaliza watu wa mabara yote. Mwezi wa Juni 2023, watu 5 walipoteza maisha ndani ya chombo kidogo cha kuzamia walipokuwa wakishuka kwenda kuitazama.

Kwa nini meli hiyo haisahauliki? Sababu si wingi wa wafu. Tarehe 26 Septemba 2002, meli Joola ya Senegal ilipinduka karibu na pwani ya Gambia. Watu zaidi ya 1,800 walikufa, wakaokolewa 64 tu. Hata hivyo, mbali na Afrika ya Magharibi ni wachache wanaolijua jina lake.

Wengi husema kwamba Titanic inakumbukwa kwa sababu ya kiburi cha wanadamu na utajiri wa baadhi ya abiria wake. Hilo lina ukweli wake, lakini kuna jambo jingine lenye uzito zaidi, nalo ni muda. Joola ilipinduka ghafla, kwa dakika chache. Titanic ilizama polepole, juu ya bahari shwari, kwa saa mbili na dakika arobaini. Watu walipata nafasi ya kutambua kinachowajia, ya kutazamana, na ya kuchagua.

Walichagua kwa namna nyingi. Mashua za kuokolea zilikuwa 20, zenye nafasi kwa watu 1,178, yaani nusu tu ya waliokuwamo. Hata hivyo, mashua ya kwanza iliyoweza kubeba watu 65 iliteremshwa ikiwa na watu wasiofika 30. Wanawake wa daraja la kwanza waliokolewa karibu wote. Wa daraja la tatu, zaidi ya nusu walikufa. Basi hata muda wa kuchagua haukugawiwa sawasawa.

Miongoni mwa abiria alikuwamo Padri Thomas Byles, Mwingereza, aliyekuwa akienda New York kubariki ndoa ya ndugu yake. Asubuhi ya siku ile alikuwa amewaadhimishia Misa abiria wa daraja la pili na la tatu. Usiku, kwa ushuhuda wa waliopona, alikataa nafasi katika mashua, akabaki akiwaungamisha watu na kusali nao rozari. Padri Juozas Montvila wa Lituania na Padri Josef Peruschitz wa Ujerumani walikuwamo pia. Hakuna hata mmoja wao aliyeokoka.

Mwaka 1914 wajumbe wa mataifa walikutana London wakakubaliana kwamba kila meli iwe na mashua zinazowatosha watu wake wote. Ndivyo msiba ulivyozaa sheria. Lakini Joola, iliyojengwa kwa watu 580 hivi, ilisafiri na watu zaidi ya 1,800. Miaka 90 ilikuwa imepita tangu Titanic, na habari zake zilikuwa zimesimuliwa kila mahali.

Kuvutwa na msiba si sawa na kufundishwa nao. Anayeililia Titanic, kisha akapanda kimya chombo kilichojaa kupita kiasi, au akakubali kukijaza kwa ajili ya faida, ameisikia hadithi bila kupokea onyo lake. Wafu wa Titanic walikumbukwa kwa majina. Wa Joola nao walikuwa na majina. Tukiwakumbuka wote pamoja, ndipo kumbukumbu yetu itawafaa walio hai.