Mjeledi Katika Mbio za Farasi: Ruhusa na Mipaka Yake Katika Fiqhi na Historia

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyewatiisha wanyama kwa mwanadamu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake.

Ama baada ya hayo, katika miaka ya karibuni pamekuwa na mjadala mkubwa huko Ulaya, Marekani na Australia juu ya mjeledi katika mbio za farasi: je, mpanda farasi ana haki ya kumchapa mnyama ili ashinde? Waislamu wengi wakisikia mjadala huu hudhani kuwa ni jambo la wageni, na kwamba fiqhi yetu ina mawili tu ya kusema: mbio zinajuzu, na kamari ni haramu. Wengine huongeza kuwa kumpiga mnyama kumethibiti katika Sunna, basi neno limekwisha. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba ruhusa hiyo ipo kweli, lakini imefungamana na sababu, na sababu inapoondoka, ruhusa nayo huondoka.

PIGO LILILOLETA VITA

Waarabu wa zama za Ujahilia walipenda mbio za farasi kupita kiasi. Wapokezi wa habari zao wanasimulia vita vya Dahis na Ghabra, baina ya kabila la Abs na ndugu zao Dhubyan. Dahis alikuwa farasi wa Qays bin Zuhayr, mkuu wa Abs, na upande wa pili alikuwa Hudhayfa bin Badr wa Fazara, katika Dhubyan. Watu wakawekeana dau, farasi wakaachiwa. Dahis alipokuwa anaongoza, watu waliofichwa njiani wakamtokea, wakampiga usoni na kumrudisha nyuma. Kwa pigo hilo damu ikamwagika baina ya jamaa wa ukoo mmoja, na masimulizi yanasema vita vile vilidumu miaka 40.

Kisa hiki kinatufunza mambo mawili. Kwanza, mbio zisizo na sheria huzaa dhulma. Pili, dhulma ile ilimpata mnyama kabla ya kuwapata watu. Ni farasi aliyepigwa mwanzo, kisha wanaadamu wakafuata.

MTUME (S.A.W.) AZIWEKEA MBIO UTARATIBU

Uislamu ulipokuja haukuzifuta mbio, bali ulizisafisha. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abdullah bin Umar (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliwashindanisha farasi waliokondeshwa kwa mazoezi kutoka Al-Hafya mpaka Thaniyyatul-Wadaa, na wasiofanyiwa mazoezi hayo kutoka Thaniyya mpaka msikiti wa Bani Zurayq. Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshindana. Sufyan, mmoja wa wapokezi, amekadiria masafa ya kwanza kuwa maili 5 au 6, na ya pili kuwa maili 1.

Tazama, ndugu msomaji, hekima iliyomo hapa. Farasi hawakuwekwa wote katika mashindano mamoja. Aliyezoezwa alipewa masafa marefu, na asiyezoezwa akapewa mafupi. Mnyama hakutakiwa kutoa asichonacho.

Kisha likaja katazo mahsusi. Katika hadithi ya Imran bin Husayn (R.A.), aliyoipokea Abu Dawud na wengineo, Mtume (S.A.W.) amekataza jalab na janab, na katika mapokezi ya Abu Dawud imetajwa wazi kuwa ni katika mashindano. Maneno haya mawili yana maana nyingine katika mlango wa Zaka. Lakini katika mbio, wanazuoni wameeleza kuwa jalab ni mtu kumweka mwenzake nyuma ya farasi wake amfuate akimpigia kelele na kumhimiza azidishe kasi. Janab ni kuwa na farasi wa pili ubavuni, ili wa kwanza akichoka ahamie huyo. Al-Khiraqi, aliyefariki mwaka 334 Hijria, ameyaweka makatazo haya katika Mukhtasar yake, kitabu ambacho Ibn Qudama (aliyefariki 620 Hijria, sawa na 1223) alikisherehesha katika Al-Mughni.

Ni kweli kwamba katazo la jalab linamhusu mtu wa nje, wala halikumgusa mpandaji mwenyewe anayemhimiza farasi wake. Lakini sababu yake iko wazi. Mbio zimewekwa ili ijulikane nguvu ya farasi na malezi yake, si ili ijulikane nani ana njia kali zaidi ya kumtisha. Sababu hiyo tutaihitaji huko mbele.

DALILI YA WANAORUHUSU KUPIGA

Dalili iliyo wazi zaidi ni kisa cha ngamia wa Jabir bin Abdillah (R.A.), kilichomo katika Bukhari na Muslim. Jabir alikuwa safarini pamoja na Mtume (S.A.W.), na ngamia wake akachoka mpaka akataka kumwacha. Mtume (S.A.W.) akamjia, akampiga ngamia yule na kumwombea, naye akaenda mwendo ambao hakuwahi kwenda kabla yake. Basi hakuna shaka kwamba asili ya kumpiga mnyama wa kupandwa inajuzu.

Lakini tuiangalie hali ilivyokuwa. Mtu alikuwa anaachwa nyuma na msafara, na palikuwa na haja ya kweli. Pigo halikufuatana na hasira wala halikukaririwa, bali lilifuatana na dua. Tena Mtume huyo huyo (S.A.W.) amekataza kumpiga mnyama usoni na kumtia alama ya moto usoni, kama alivyopokea Muslim kutoka kwa Jabir huyo huyo. Bibi Aisha (R.A.) alipompanda ngamia mgumu akawa anamsukasuka, Mtume (S.A.W.) alimuusia upole. Na yule ngamia wa Answari aliyetokwa na machozi bustanini, Mtume (S.A.W.) alimwita mwenyewe akamlaumu kwa kumtia njaa na kumchosha. Mwenye kuichukua hadithi ya kwanza na kuziacha hizi nyingine amechukua nusu ya Sunna.

IMAM ABU HANIFA NA WANAFUNZI WAKE

Mafakihi waliijadili mipaka ya fimbo katika mlango wa ijara, yaani ukodishaji. Mtu amekodi mnyama wa kupanda, akampiga au akamvuta lijamu, mnyama akafa. Je, atamlipa mwenyewe?

Imam Abu Hanifa (aliyefariki 150 Hijria, sawa na 767) alisema atalipa. Wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad bin Al-Hasan, walisema hatalipa, maadamu pigo lake ni la kawaida kama watu walivyozoea. Kauli ya wawili hawa ndiyo pia kauli ya Malik na Shafii, na ndiyo aliyoifuata Ibn Qudama, akitoa dalili kwa kisa cha Jabir.

Khitilafu hii ni muhimu kuliko inavyoonekana. Kwa Abu Hanifa, ruhusa ya kupiga ina sharti la usalama: piga ukitaka, lakini likitokea la kutokea ni juu yako. Kwa waliomkhalifu, kipimo ni ada, yaani mazoea ya watu. Na hapa ndipo swali la zama zetu linapojitokeza. Ikiwa mazoea yenyewe yameharibika, yakawa ni kumchapa farasi mara kumi na zaidi katika mita chache za mwisho, je, yatakuwa hoja? Wanazuoni wa Usuli wamekubaliana kwamba ada inayopingana na sheria haizingatiwi. Waliosema "kama ilivyozoeleka" walikuwa wanazungumza juu ya msafiri anayetaka kuuwahi msafara, si juu ya anayetafuta zawadi.

MAKHALIFA NA MUHTASIBU

Jambo hili halikubaki vitabuni. Imepokewa kwamba Umar bin Al-Khattab (R.A.) alimtia adabu mwenye ngamia aliyembebesha mnyama wake zaidi ya uwezo wake. Umar bin Abdul-Aziz, aliyetawala kuanzia mwaka 99 mpaka 101 Hijria (717 mpaka 720), aliandika kwa msimamizi wa njia za tarishi kwamba wanyama wasitiwe lijamu nzito, wala wasichomwe kwa fimbo yenye chuma nchani. Hawa walikuwa wanyama wa barua za dola, na kasi yao ilikuwa maslahi ya umma. Hata hivyo Khalifa hakuona kuwa haraka ya dola inahalalisha chuma katika ubavu wa mnyama.

Baada yake alikuja Hisham bin Abdul-Malik (105 mpaka 125 Hijria), aliyependa mbio mno. Al-Masudi anasimulia kwamba farasi 4,000, wake na wa wengine, walikusanyika kwa mbio zake. Kadiri mbio zilivyokuwa fahari ya wafalme, ndivyo haja ya wasimamizi ilivyozidi. Al-Mawardi (aliyefariki 450 Hijria, sawa na 1058) ameandika kwamba ni kazi ya muhtasibu kumzuia mwenye mnyama anayemtumikisha kwa asichoweza kukidumisha, hata kama hakuna mtu aliyekuja kushitaki. Naye Izzuddin bin Abdis-Salam (aliyefariki 660 Hijria, sawa na 1262) aliorodhesha haki za wanyama juu ya watu, miongoni mwake kulishwa hata wakizeeka wakawa hawana faida tena. Neno alilotumia ni haki, si hisani.

MJELEDI WA ZAMA ZETU

Farasi wa mbio wa leo wana nasaba na nchi zetu. Mmoja wa madume watatu wa Mashariki waliozalisha kizazi hicho Uingereza alinunuliwa Halab, nchi ya Sham, mwaka 1704. Farasi walikwenda, lakini sheria za muhtasibu hazikwenda nao.

Mwezi wa Aprili 2011, katika mbio kubwa za kuruka viunzi za Aintree, karibu na Liverpool, mshindi alifika akiwa hoi mpaka akapewa maji na hewa ya oksijeni, na mpandaji wake akasimamishwa siku 5 kwa kuutumia mjeledi kupita kiasi. Ushindi wake lakini ulibaki. Mwaka huo huo Uingereza iliweka kikomo cha mapigo 7 katika mbio za uwanda na 8 katika mbio za viunzi. Mwaka 2023 vikapunguzwa kuwa 6 na 7, na ikaamuliwa kwamba anayezidisha mapigo 4 au zaidi juu ya kikomo, farasi wake ataondolewa katika matokeo. Norway ilikuwa imeanza kuuzuia mjeledi tangu mwaka 1982.

Na tusidhani kwamba ni kwa wengine tu. Riyadh ilipoanzisha mashindano yake makubwa mwezi wa Februari 2020, yenye zawadi ya dola milioni 20, wapandaji wa farasi wawili waliotangulia kufika waliadhibiwa kwa kuvuka kikomo cha mapigo 10.

Je, mjeledi huo unafaa kitu? Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walionyesha kwamba farasi waliowachunguza walikimbia kwa kasi kubwa zaidi kati ya mita 600 na 400 kabla ya mwisho, mahali ambapo hawakuchapwa. Mapigo yalizidi baadaye, nguvu zao zilipokuwa zinapungua. Mwaka 2020 ukatoka utafiti mwingine uliolinganisha mbio 126 za Uingereza, baadhi zenye mjeledi na nyingine zisizoruhusu kuchapa. Haikuonekana tofauti ya kasi wala ya kumdhibiti farasi. Mwaka huo huo ilielezwa kwamba ngozi ya juu ya farasi haina mishipa michache ya hisia kuliko ya mwanaadamu. Basi maumivu yapo, na haja haikuthibiti.

Katika Ghuba kuna mfano mwingine. Qatar na Umoja wa Falme za Kiarabu zilipokataza watoto kupanda ngamia wa mbio mwaka 2005, nalo ni jambo la kushukuriwa, mahali pao pakachukuliwa na mashine ndogo yenye mjeledi unaozunguka. Mwenye ngamia hufuata kwa gari kando ya uwanja, akiuzungusha mjeledi kwa mbali na kumpigia ngamia kelele kwa kipaza sauti. Mwenye kuijua hadithi ya Imran bin Husayn na atazame mwenyewe: mtu anamfuata mnyama kwa nyuma, anamkemea na kumhimiza. Kama hiyo si jalab, basi ni jambo linalofanana nayo sana, na linastahiki fatwa.

NA KWETU PWANI

Nasi hatuko mbali na suala hili. Lamu mbio za punda ni sehemu ya furaha ya Maulidi, na kisiwani humo zahanati ya punda inahudumu tangu miaka ya 1980. Kuwafurahisha watu kwa mbio ni jambo jema. Lakini sisi Waswahili tunao msemo kwamba punda afe, mzigo ufike. Msemo huo ndiyo ada mbovu tuliyoitaja, imewekwa katika maneno machache. Muhtasibu wa Al-Mawardi angemtia adabu anayeufanyia kazi.

Kwa muhtasari, kutokana na tuliyoyataja:

1. Kubeba fimbo au mjeledi kwa kumwongoza mnyama na kumwepusha na hatari kunajuzu, kwa kadiri ya haja.

2. Kumpiga usoni ni haramu kwa hali yoyote.

3. Kumchapa aliyekwisha choka ili tu apate zawadi hakuingii katika ruhusa ya kisa cha Jabir, kwani haja haipo.

4. Wasimamizi wa mashindano wanabeba jukumu la muhtasibu. Kanuni inayomwadhibu mpandaji na kumwachia mwenye farasi faida ya dhulma ni kanuni pungufu.

Imamu anayealikwa kuomba dua mwanzoni mwa mashindano ana nafasi ya kusema neno kabla ya wanyama kuachiwa. Na aliseme, kwani mnyama hana ulimi wa kushitaki duniani.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.