Sheria Iliyolala Miaka Kumi na Mmoja

Kabla Nairobi haijajua wafadhili, ilijua michango ya matanga. Watu wa kijiji kimoja waliohamia jijini walichangishana ili mwenzao akifariki asizikwe ugenini. Kisha yakaja mashirika. Mnamo 1959 Geoffrey Griffin, pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, walianzisha kituo cha Starehe kwa ajili ya wavulana walioachwa bila wazazi wala makao wakati wa Hali ya Hatari ya enzi za ukoloni. Walianzia katika vibanda viwili vya mabati walivyopewa na Shell na BP. Mwaka 1973 Padri Arnold Grol, Mholanzi, akaanzisha shirika la Undugu kwa ajili ya chokoraa, watoto wa mitaani. Mwaka 1987 MYSA, shirika la michezo la vijana, likazaliwa katika mtaa wa Mathare, na huko timu za soka za watoto zilipata pointi za ligi kwa kuzoa taka mtaani. Kwangu mimi, hakuna wazo lililobuniwa jijini humu lililo na akili zaidi ya hilo.

Serikali haikuona tatizo na mashirika ya kulisha na kusomesha. Kilichoikera ni yale yaliyohoji. Mwaka 1989 Wangari Maathai, kiongozi wa Green Belt Movement, alipinga mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Shirika lake likatimuliwa katika ofisi za serikali, naye akahamishia kazi nyumbani kwake South C. Jumba halikujengwa. Mwaka uliofuata, 1990, Bunge likapitisha sheria ya kuratibu mashirika yasiyo ya kiserikali: kila shirika lisajiliwe na bodi, na kuendesha lisilosajiliwa kuwe kosa la jinai. Sidai kwamba sheria nzima ilitungwa kwa sababu ya mama mmoja, ila miaka hiyo imekaribiana mno.

Ilipofika Januari 2013, Rais Kibaki alitia saini sheria mpya ya mashirika ya manufaa kwa umma, ambayo mashirika yenyewe yalikuwa yameipigania. Akaondoka madarakani, na sheria ikawekwa kabatini. Kabla mwaka haujaisha, serikali mpya ikajaribu kuibadilisha ili fedha za kigeni zisizidi asilimia 15 ya bajeti ya shirika. Wabunge wakakataa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikaamuru sheria ianze kutumika, na bado haikuanza. Iliamka Mei 14, 2024.

Miezi minane baadaye, Januari 2025, serikali ya Donald Trump ilisimamisha misaada ya Marekani. Wahudumu waliolipwa kwa fedha hizo kuwahudumia wagonjwa wa Ukimwi wakaambiwa wakae nyumbani. Kikomo ambacho Bunge lilikikataa kikaja kutoka Washington, bila mjadala wala asilimia. Michango ya matanga iliendelea kukusanywa, sasa kwa simu.