Padri wa Ars na Neno «Sifai»

Hakuna hata mmoja wetu asiyelijua neno hili: «Mimi sifai.» Mseminari hulisema akitazama alama za mtihani wake. Katekista hulisema akisimama mbele ya watu waliosoma kumpita. Padri naye hulisema usiku, kazi ya siku ikiisha. Kulisema si dhambi. Lakini laweza kutupeleka njia mbili, na historia ya Jean-Marie Vianney, padri wa Ars, yatuonyesha zote mbili.

Alizaliwa tarehe 8 mwezi wa tano 1786 katika kijiji cha Dardilly, karibu na mji wa Lyon, nchi ya Ufaransa. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alipokuwa mtoto, Mapinduzi yalifunga makanisa, na mapadri waliokataa kiapo cha serikali walijificha. Mwaka 1799 alipokea Komunyo ya kwanza nyumbani mwa watu, na magari ya majani makavu yaliwekwa mbele ya madirisha ili mwanga wa mishumaa usionekane. Aliwaona mapadri wakihatarisha uzima wao kwa ajili ya sakramenti, naye akatamani kuwa kama wao.

Lakini alikuwa mtu wa jembe. Alipoanza Kilatini kwa padri Balley, paroko wa Écully, alikuwa na miaka karibu 20, na maneno hayakukaa kichwani. Mathias Loras, kijana mdogo kwake, alipewa kazi ya kumsaidia; siku moja alikasirika akampiga. Vianney alipiga magoti mbele yake akaomba msamaha. Loras huyu baadaye alikuwa askofu wa kwanza wa Dubuque, kule Marekani. Kisha Vianney akaenda kwa miguu mpaka La Louvesc, kwenye kaburi la Mtakatifu François Régis, kuomba neema ya kujua Kilatini. Je, alirudi na akili mpya? Hapana. Alipata ya kutosha tu ili asikate tamaa.

Mwaka 1813 aliingia seminari kubwa ya Lyon. Masomo yalitolewa kwa Kilatini. Hakufahamu alivyoulizwa, wala hakuweza kujibu. Baada ya miezi michache akarudishwa. Hapo wengi wangesema: Mungu amekwisha kujibu. Balley hakusema hivyo. Alimfundisha tena teolojia kwa Kifaransa, akamtetea mbele ya wakubwa wa jimbo. Nao walitazama ibada yake na mwenendo wake, wakakubali. Tarehe 13 mwezi wa nane 1815, Askofu Simon alimpa upadri katika mji wa Grenoble. Hata hivyo, kwa muda hakupewa ruhusa ya kuungamisha. Alipoipata, wa kwanza kupiga magoti mbele yake alikuwa Balley mwenyewe.

Mwaka 1818 alitumwa Ars, kijiji cha watu karibu 230. Yule aliyenyimwa kwanza ruhusa ya kuungamisha akawa anakaa katika kiti cha maungamo hata saa 16 kwa siku, na katika miaka yake ya mwisho makumi ya maelfu ya wahujaji walimwendea kila mwaka.

Twaweza kufikiri kwamba sasa neno «sifai» lilikwisha. La, lilizidi! Aliona parokia ni mzigo kupita nguvu zake, akatamani kwenda mahali pa upweke kulilia dhambi zake. Mwaka 1843 alitoka usiku akaenda kwao Dardilly. Watu wakamfuata kule kule, wakitaka kuungama. Akarudi. Mwaka 1853 akatoka tena usiku. Kengele ikapigwa, wakristu wakamzuia njiani. Akarudi, akaingia tena katika kiti cha maungamo. Alifia Ars tarehe 4 mwezi wa nane 1859. Papa Pio XI alimtangaza mtakatifu mwaka 1925, na mwaka 1929 akamweka kuwa msimamizi wa maparoko wote.

Basi, njia mbili ndizo hizi: kusema «sifai» na kukimbia, ama kusema «sifai» na kupiga magoti, kisha kushika kazi. Hata mtakatifu alijaribiwa kushika ile ya kwanza. Hakurudi Ars kwa sababu alikwisha kujiona anafaa. Alirudi kwa sababu watu walikuwa wakimngoja. Wala historia hii isitupe ruhusa ya uvivu: Vianney alikesha juu ya vitabu, na mahubiri yake aliyatayarisha kwa taabu nyingi. Aliyekosa kipawa hakukosa bidii.

Tena, tusimsahau Balley. Sisi tunaofundisha, tukiona kijana mwenye sala na moyo mwema, ambaye kitabu chamshinda, tusifanye haraka kumfungia mlango. Hatuwezi kumwahidia upadri. Hilo ni la Mungu na la Kanisa. Lakini tunaweza kukaa naye jioni moja tena, na kuanza somo upya.