Seronera na Ajira ya Utafiti: Somo la Miaka Sitini

Nafasi za utafiti za baada ya uzamivu, yaani ajira ya miaka michache ambayo daktari mpya wa sayansi hulipwa ili atafiti tu, hudhaniwa kuwa jambo geni nchini. Historia ya Wilaya ya Serengeti yasema vingine.

Mwaka 1966, kwa juhudi za John Owen, mkurugenzi wa Hifadhi za Taifa, Taasisi ya Utafiti ya Serengeti ilianzishwa Seronera. Mwaka huohuo George Schaller, Mmarekani aliyekwisha kupata shahada ya uzamivu, alianza miaka mitatu ya kuwachunguza simba. Mholanzi Hans Kruuk aliwachunguza fisi. Vitabu vyao vilitoka mwaka 1972 na vingali vinasomwa. Walichopewa ni muda wa kutazama, kuhesabu na kukosea bila kuharakishwa.

Kazi ya taasisi hiyo ilifumbua fumbo kubwa. Nyumbu walikuwa takribani 250,000 mwaka 1961. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 walizidi milioni moja. Sababu kuu ilikuwa kutoweka kwa sotoka, ugonjwa ulioteketeza ng'ombe na wanyamapori tangu miaka ya 1890. Ng'ombe waliozunguka hifadhi walipochanjwa, maradhi yaliwaondokea nyumbu pia. Kwa hiyo mfugaji aliyeswaga mifugo yake hadi kwenye chanjo alichangia moja ya matokeo mashuhuri ya ikolojia duniani.

Hata hivyo, nafasi za wanasayansi zilishikwa zaidi na watu wa Ulaya na Marekani, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka nje. Waikoma na Wakurya, ambao baadhi yao walipoteza ardhi kwa kupanuliwa kwa hifadhi, walijulikana zaidi kama madereva, waongozaji na askari. Elimu ilichumwa hapa, lakini ngazi ya kupanda kitaaluma ilisimikwa kwingine.

Mwaka 1980 Bunge lilitunga sheria iliyozaa taasisi ya taifa tunayoiita leo TAWIRI. Taasisi ikawa yetu. Muda wa mtafiti kijana haujawa wetu. Mhitimu wa uzamivu ajiriwapo chuoni hukabidhiwa mara moja madarasa yaliyofurika na marundo ya mitihani. Anayetaka kutafiti hutegemea mradi wa mfadhili, na mradi ukiisha, ajira nayo huisha.

Wageni wana haki ya kuja kujifunza kwetu. Linalotakiwa ni fungu la kudumu katika bajeti ya serikali kwa nafasi hizi, nazo zisiishie Dar es Salaam na Morogoro. Tarime ina maswali ya maji na udongo kuzunguka migodi ya Nyamongo. Mugumu ina ya tembo mashambani na kichaa cha mbwa. Maswali hayo yanahitaji kijana wa Mara mwenye uzamivu, aliyepewa miaka mitatu na mshahara wa uhakika, kama Schaller alivyopewa miaka yake mitatu Seronera.