Malaria Mbili, Mbili za Nini?

Sisi watu wa Kawe homa tunazihesabu. Muulize mshikaji kwa nini jana hakuonekana kijiweni, atakujibu, "Nilikuwa na malaria tatu, bwana," utadhani anataja magoli. Mwenye tano anapishwa kiti. Nimekua na lugha hiyo na sikuwahi kuuliza hizo tatu ni tatu za nini.

Niliuliza siku mtoto wa dada alipozidiwa. Miezi kumi na minne, mwili wa moto, anahema mbiombio. Kwenye zahanati moja wakamtoboa kidole, tukakaa benchi, kikatoka kikaratasi: "malaria 2". Akaanzishiwa dawa. Siku ya tatu mbavu zikawa zinabonyea kila akivuta pumzi. Tukamkimbiza hospitali usiku, daktari akamsikiliza kifua, akasema ni nimonia. Damu ilipimwa upya, malaria haikuonekana. Mtoto alipona, Mungu mkubwa. Lakini dada alikihifadhi kile kikaratasi kwenye pochi, na Jumapili moja akakiweka mezani mbele ya anko wetu, mstaafu wa maabara.

"Anko, hebu nisomee. Hizi mbili zilitoka wapi?"

Anko akavaa miwani, akakitazama, akakirudisha. "Hapa hapasomeki, mama. Mbili kwa chembe nyeupe ngapi?"

Kumbe hesabu yenyewe ina kanuni. Tone la damu linapakwa kwenye kioo, linakaushwa, linatiwa rangi, linawekwa chini ya hadubini yenye lenzi ya mafuta inayokuza mara elfu moja. Mpimaji anahesabu vimelea huku akihesabu chembe nyeupe mpaka zifike 200, kidude cha kubonyeza kikilia tik tik mkononi. Kisha anazidisha kwa 40, kwa kukadiria kwamba mikrolita moja ya damu ina chembe nyeupe 8,000. Viwili kwa 200 ni vimelea 80 katika mikrolita. Na kabla ya kuandika "hakuna" inampasa apitie fildi 100, yaani apeleke macho sehemu mia moja za kioo kilekile. Kwenye foleni ya watu sitini asubuhi, nani anafika mia?

"Halafu kuna uchafu," anko akaongeza. Rangi isipochujwa vizuri huacha punje zambarau, na mtu mwenye haraka huziona ni wadudu. "Gimsa mbaya inazaa malaria."

Neno hilo lilinikaa. Nilidhani gimsa ni jina la kemikali, kama spiriti. Nilipoanza kusoma nikakuta ni mtu: Gustav Giemsa, mfamasia Mjerumani, ambaye kati ya 1895 na 1898 alifanya kazi hukuhuku, katika koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani, na Dar es Salaam ndiyo ilikuwa makao makuu. Katika miaka hiyohiyo, 1897 na 1898, Robert Koch naye alikuwa Dar na hadubini yake akichunguza malaria. Huko India, Agosti 1897, Ronald Ross alikuwa amekiona kimelea ndani ya tumbo la mbu.

Giemsa alirudi kwao, akaingia taasisi ya magonjwa ya tropiki iliyofunguliwa Hamburg mwaka 1900. Tatizo lilikuwa rangi. Mrusi Romanowsky alikuwa ameonyesha mwaka 1891 kwamba bluu ya methilini ikichanganywa na eosini, kiini cha kimelea kinageuka chekundu na mwili wake unakuwa bluu. Ila mchanganyiko ule haukutabirika, leo unakubali, kesho unagoma. Kufikia 1904 Giemsa alikuwa ametengeneza wa kudumu, kwa glisarini na methanoli, unaokaa kwenye chupa na kutoa rangi ileile. Chupa hiyo ndiyo ipo mpaka leo katika maabara za Bongo, zaidi ya miaka mia moja baadaye.

Huku Dar, mwaka 1901, daktari Ollwig alianza kuifuata njia ya Koch: kupima damu za wakazi na kuwapa kwinini waliokutwa na vimelea. Hapo mimi husita. Koch alifundisha kwamba vimelea vimejificha kwa wenyeji, hasa watoto, kwa hiyo damu zao zisafishwe ili mgeni asiugue. Mfamasia jina lake limebaki kwenye chupa. Waliotobolewa vidole sijawakuta kwa majina popote.

Turudi kwenye homa ya mtoto. Mwaka 2008 watafiti walichukua watoto 1,005 wenye homa, Dar es Salaam na Ifakara, wakawapima kila walichoweza: damu, koo, pua, picha za kifua. Majibu yakapitishwa kwenye masharti yaliyopangwa kabla, ili ugonjwa utajwe kwa kanuni na si kwa mazoea. Matokeo yalichapishwa 2014: malaria ilikuwa kwa mtoto mmoja hivi kati ya kumi. Zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, mengi yakiwa ya virusi. Nilimsomea dada. Akanyamaza, akamvuta mwanawe mapajani.

Siku hizi damu inasomwa hata herufi kwa herufi. Jenomu ya kimelea cha falsiparamu ilitangazwa Oktoba 2002, herufi kama milioni 23 katika kromosomu 14. Tone lililokaushwa kwenye karatasi linatosha, kompyuta inalinganisha. Hivyo ndivyo ilivyogundulika huko Karagwe, Kagera, kwamba baadhi ya vimelea vimebadilika nafasi ya 561 ya jeni la kelch13, badiliko linalovifanya vichelewe kuondoka mtu anapotumia dawa ya artemisinini. Hadubini isingeliona hilo hata ungekesha nayo.

Nikamwambia anko kwamba basi kazi yake imekwisha. Akacheka. Wiki iliyofuata akanipeleka kwa rafiki yake mwenye maabara, akaweka slaidi ya kufundishia, akanishikisha kile kidude.

"Fildi mia. Usiniambie kitu mpaka umalize."

Nilipofika ya 38 machozi yalikuwa yananitoka na shingo imekaza. Nilikuwa nimebonyeza mara mbili. Moja kati ya hizo, nikiisema kweli, ilikuwa punje ya rangi.