Nani anailinda mitambo inayohifadhi salio lako? Jinsi kengele za swichi zinavyotegwa

Mkulima wa Lukozi akiuza kabichi kwa mnunuzi wa Dar es Salaam, mara nyingi malipo huingia kwenye simu. Ujumbe ukifika, gari linaondoka. Usipofika, dereva anasubiri, mboga zinaanza kunyauka, na kila mtu ana jibu moja: "Mtandao unasumbua."

Lakini mtandao si kitu kimoja. Kuna mnara tunaouona mlimani, na kuna mitambo tusiyoiona, iliyo mbali na milima yetu, inayotunza rekodi za fedha zetu. Katika makala haya tunaeleza jinsi mafundi wanavyoitegea mitambo hiyo kengele, ili wajue tatizo kabla halijamfikia mteja.

Salio lako liko wapi?

Fedha haikai ndani ya simu, wala kwenye laini. Ndiyo maana simu ikiibiwa, salio linabaki. Salio ni rekodi iliyoandikwa kwenye kompyuta za mtoa huduma, na kompyuta hizo zinaweza kuwa mbali sana. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na Vodacom ikaileta Tanzania Aprili 2008. Kwa miaka kadhaa mitambo ya M-Pesa ya Kenya ilikuwa Ujerumani, mpaka ilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Kabla ya hapo, mtu wa Mombasa aliyemtumia jirani yake shilingi mia, rekodi yake ilikuwa inaandikwa Ulaya.

Majengo yanayotunza kompyuta za namna hii huitwa vituo vya data. Hapa kwetu, Kituo cha Taifa cha Data kipo Kijitonyama, Dar es Salaam.

Ndani ya kituo kikubwa cha data, kompyuta zinazofanya hesabu, yaani seva, mara nyingi hutengwa na makabati ya diski yanayohifadhi rekodi. Kinachoziunganisha ni mtandao wa hifadhi. Katikati yake kuna vifaa viitwavyo swichi, vyenye matundu mengi ya kuchomeka nyaya. Kila tundu huitwa poti.

Swichi tunaweza kuifananisha na Soni. Ukipanda kutoka Mombo, ukifika Soni unachagua: njia ya Lushoto au njia ya Bumbuli. Maporomoko yakifunga barabara chini ya Soni, pande zote mbili zinaumia, hata kama Lushoto na Bumbuli kwenyewe ni salama. Swichi nayo ikileta shida, seva ni nzima na diski ni nzima, lakini haviwasiliani.

Menyu kama ile ya simu

Moja ya majina makubwa katika swichi hizi ni Brocade, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1995 na kununuliwa na Broadcom mwaka 2017. Tunaitumia kama mfano tu, kwa kuwa watengenezaji wengine nao wana programu za kazi hiyo hiyo.

Kwa miaka mingi swichi za Brocade zilikuwa na programu ya ulinzi iitwayo Fabric Watch. Fundi aliweza kuipanga kwa kuandika amri. Aliandika neno fwConfigure, kisha orodha yenye namba ikatokea: namba moja ni mazingira ya kifaa, nyingine ni poti, na kadhalika. Anachagua namba, inakuja orodha nyingine.

Msikilizaji anayepiga *150*00# tayari anaijua kazi hiyo. Unachagua namba, menyu inafuata menyu, hadi unafika unapotaka. Tofauti ni kwamba wewe unatuma fedha, na fundi anaiambia swichi ni jambo gani ilitazame.

Mambo manne ya kupanga

Kwanza ni kikomo. Swichi inajipima yenyewe: joto lake, feni zake, umeme wake, na idadi ya vifurushi vya data vinavyofika vikiwa vimeharibika. Fundi anaweka kikomo cha chini na cha juu. Kipimo kikivuka, kengele inalia.

Pili ni muda. Makosa matano kwa siku huenda ni jambo dogo, lakini makosa matano kwa dakika yanaweza kumaanisha waya unaharibika. Kwa hiyo fundi anachagua kuhesabu kwa dakika, kwa saa au kwa siku.

Tatu ni nafasi ya kupumulia. Tuseme kikomo cha joto ni nyuzi 60, na joto linacheza kati ya 59 na 61. Bila nafasi hiyo, kengele italia na kunyamaza, italia na kunyamaza, usiku kucha. Fundi anaweza kuagiza kwamba joto lisihesabiwe kuwa limerudi sawa mpaka lishuke kwa kiasi fulani.

Nne ni nani aambiwe. Katika Fabric Watch kila njia ya taarifa ilikuwa na namba yake. Kuandika kwenye daftari la swichi ni 1, kupeleka ishara kwenye kompyuta ya wasimamizi ni 2, na barua pepe ni 16. Aliyetaka daftari na barua pepe alijumlisha akaandika 17. Aliyeandika 1 peke yake alipata rekodi nzuri ya tatizo, lakini hakuna aliyeamshwa.

Kengele ikilia kila siku

Wahenga walisema, likilia la mgambo kuna jambo. Methali hiyo inafanya kazi kwa sababu mgambo haulii ovyo. Kijana anayelinda mahindi dhidi ya nguruwe pori akipiga debe kila jani linapotikisika, siku ya tatu hakuna atakayetoka nyumbani. Siku ya nne nguruwe wanakuja kweli.

Hili ndilo tatizo kubwa kwa walinzi wa mitambo. Kikomo kikiwa chini mno, fundi anapata barua pepe mia kwa siku na anaacha kuzisoma. Kikiwa juu mno, kengele inalia wakati huduma imeshakatika. Mashine haijui lipi ni kubwa na lipi ni dogo. Inajua tu kile mtu alichoiambia.

Mwaka 2013 Brocade ilileta programu mpya iitwayo MAPS, na miaka miwili baadaye Fabric Watch ikaondolewa katika matoleo mapya. MAPS inakuja na sera zilizokwisha kupangwa, zikiwemo kali, ya wastani na ya kuvumilia. Fundi anaanza na mojawapo, kisha anarekebisha. Inaweza pia kuchukua hatua yenyewe, kwa mfano kuifunga poti inayozidisha makosa ili isiharibu kazi ya nyingine.

Wazo la ngazi si geni kwetu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania nayo hutofautisha Angalizo, Tahadhari na Tahadhari Kubwa, ili uzito wa neno ulingane na uzito wa mvua.

Muamala wako ukikwama

Ulinzi huu haumalizi matatizo yote. Mnara unaweza kukosa umeme, waya unaweza kukatwa barabarani, na hata kengele iliyopangwa vizuri inamhitaji mtu wa kuiitikia. Kwa hiyo tunashauri:

Usirudie kutuma fedha kabla ya kuangalia salio. Muamala wa kwanza unaweza kuwa umepita na ujumbe ndio umechelewa.

Tunza ujumbe wenye namba ya muamala. Hiyo ndiyo itakayomsaidia mhudumu kuitafuta rekodi yako.

Usiruhusu mzigo uondoke kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mnunuzi, wala kwa ujumbe ulioingia kwako pekee, maana ujumbe unaweza kughushiwa. Angalia salio lako mwenyewe.

Usimpe mtu yeyote namba yako ya siri, hata akisema anatoka kwa mtoa huduma na anataka "kurekebisha mtandao".

Na huduma ikikatika, toa taarifa kwa mtoa huduma wako ukitaja saa na mahali ulipo. Kengele za kituo cha data zinapima joto na nyaya. Hazijui kwamba watu wa Mtae hawajapata ujumbe tangu asubuhi, mpaka mmoja wao aseme.